Pikapu iliyoinuliwa inaruka mno kwenye lami

Mkulima wa Njoro: Wakuu, habari zenu. Nina Hilux ambayo mwenyewe wa kwanza aliiinua kwa inchi 2, na kwa kuwa siku hizi naitumia zaidi kwenye lami kati ya Nakuru na Kisumu kuliko shambani, ningependa kujua kama nibadilishe springi au shokabu pekee, maana nyuma inaruka kwenye kila tuta na usukani unayumba nikishika kasi.

Fundi wa Kondele: Ndugu, anza na upepo wa matairi, kisha ingia chini uzikague springi za nyuma. Aghalabu anayeinua gari huongeza jani nene (bapa la chuma la springi) la kubebea mzigo, nalo halipindiki wakati gari ni tupu. Shokabu mpya, hata ziwe za bei gani, haziwezi kulainisha springi ngumu. Chagua springi zinazolingana na uzito unaoubeba kweli, halafu shokabu zenye urefu wa kimo kipya, kwa sababu zilizo fupi hufika mwisho na kugonga.

Dereva wa Kericho: Kuhusu usukani, gari likiinuliwa pembe za magurudumu ya mbele hubadilika. Bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) zilizochakaa zibadilishwe kwanza, ndipo pembe zipimwe kwa mashine.

Mkulima wa Njoro: Jani nene nimeliona. Je, kulitoa tu kunatosha?

Fundi wa Kondele: Huenda, lakini nyuma itashuka, kwa hiyo taa za mbele zielekezwe upya zisiwaumize macho wanaokuja. Yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nazo ziwe mpya.