Mrejesho: mzazi niliyechoshwa na katuni zisizo na mantiki

Wadau habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje na katuni ya The Lion King, wanangu wanairudia kila siku na mimi kichwa kinauma, yaani wanyama wote wanakuja kumwinamia mtoto wa simba atakayekuja kuwala, halafu huyo huyo anakulia kwenye wadudu tu mpaka anaota manyoya ya shingo, wakati simba dume anataka nyama kama kilo 7 kwa siku! Asanteni sana mlionijibu, hata mlionicheka.

Nilianza na ule ushauri wa kuifanya mchezo, mtu akiona kitu hakiingii akilini anasimamisha muvi anauliza. Kwa mkubwa imekubali kinoma, juzi kaniuliza simba jike walikuwa wengi na ndo wawindaji, mbona walimwogopa Scar mmoja, yule simba dume mbaya aliyenyakua ufalme? Nikamwambia ana fisi nyuma yake, akanijibu si wangehama usiku baba. Sikuwa na jibu.

Kwa mdogo imegoma, ukisimamisha tu ni kilio, so akiangalia yeye mimi nakaa kimya nachezea simu.

Sasa aliyesema niwawekee dokumentari ya simba wa kweli, ndugu yangu umeniponza. Simba jike kamkaba pundamilia shingoni, mdogo akasusa nyama usiku huo na mama yake akanigeukia mimi. Wenye watoto wadogo subirini kwanza wakue kidogo.

Zile katuni za magari yanayojiendesha yenyewe ila yana milango bado sijazigusa.