Wageni wanaongezeka kwenye malisho yetu ya pamoja: tuanze kujenga nini, na wapi?

Katibu wa Malisho

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia ardhi ya pamoja ya kaya mia moja na ushee. Ardhi hiyo ni malisho yetu, ndiko tunakookota kuni, na ndiko iliko chemchemi inayonywesha mifugo yote. Kwa miaka mingi mgeni alikuwa mpita njia wa nadra. Kisha picha za kilele cha kilima zikaanza kusambaa kwenye simu, na sasa kila mwisho wa juma tunapokea magari ambayo hatukujiandaa kuyapokea.

Magari huegeshwa kando ya chemchemi, kwa kuwa ndipo barabara inapoishia na ndipo penye kivuli. Udongo wa hapo umeshindiliwa kiasi kwamba mvua ikinyesha maji hayazami, yanatuama kisha yanachuruzika hadi kwenye birika la mifugo yakiwa na rangi ya tope. Njia ya kupanda kilimani zamani ilimtosha mtu mmoja. Juma lililopita niliipima kwa hatua, na palipo na tope sasa ina upana wa hatua tisa, maana kila anayefika hulikwepa tope la aliyetangulia na kuanzisha lake. Nyuma ya mawe makubwa pamegeuka kuwa choo. Wachungaji nao wameleta malalamiko mara mbili kwamba geti limeachwa wazi.

Amejitokeza mfadhili anayetaka kutujengea jengo la mapokezi lenye ukumbi, vyoo vya kuvuta maji na maegesho ya magari hamsini. Kamati imegawanyika: wapo wanaoona hii ni neema isiyopaswa kukataliwa, na wapo wanaotaka barabara ifungwe kabisa. Binafsi ninaamini tunaweza kupokea wageni bila kupoteza malisho, ila sijui tuanzie wapi. Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, tutaamuaje idadi ya wageni ambayo ardhi yetu inaweza kuibeba? Na je, kipi kitangulie kujengwa, na kipi kisijengwe kabisa?

Mpangaji wa Mandhari

Ndugu Katibu, nakushukuru kwa kuipima njia kabla ya kuuliza. Hatua zako tisa zinaeleza mengi.

Kuhusu idadi, kwa muda mrefu wapangaji walitafuta namba moja ya wageni, kana kwamba kilima ni basi lenye viti vya kuhesabika. Namba hiyo haipatikani, kwa sababu watu ishirini waliokaa juu ya mwamba mkavu hawaharibu kitu, ilhali watano wanaokanyaga ardhi iliyolowa wanaweza kuacha kovu la msimu mzima. Mwaka 1985 wataalamu wa idara ya misitu ya Marekani waliligeuza swali lenyewe. Badala ya kuuliza wageni wawe wangapi, waliuliza ni mabadiliko ya kiasi gani wahusika wako tayari kuyavumilia, yatapimwa kwa alama zipi, na mpaka ukifikiwa hatua gani ichukuliwe. Kwa hali uliyoieleza, ningechagua alama tatu tu: upana wa njia, ukubwa wa eneo lililobaki tupu kuzunguka chemchemi, na siku ambazo mifugo ilishindwa kunywa kwa sababu ya magari. Mzipime kila msimu wa mvua unapokwisha, mahali palepale, na mpige picha mkiwa mmesimama kwenye jiwe lilelile. Mkiamua leo kwamba njia isizidi hatua mbili, mwakani hamtabishana kama hali ni mbaya, mtapima.

Lipo jambo jingine ambalo uchunguzi wa njia na maeneo ya kupiga kambi umelirudia mara nyingi, nalo linapingana na mawazo ya wengi. Majani na udongo huharibika zaidi mwanzoni kabisa, kwa miguu michache ya kwanza. Baada ya hapo kila mgeni anayeongezeka huongeza uharibifu mdogo zaidi. Kwa hiyo kuwatawanya wageni eneo zima kwa nia ya kuipumzisha ardhi huzaa makovu mengi mapya. Ni afadhali wakusanywe kwenye njia moja au mbili zilizoimarishwa vizuri, na sehemu kubwa iliyobaki isiguswe.

Kuhusu kinachotangulia, ningeanza na maegesho, na ningeyaanza kwa kuyahamisha. Ukubwa wa maegesho ndio unaoamua ukubwa wa msongamano. Magari hamsini yenye watu wanne wanne, yakipokezana mara mbili kwa siku, ni watu mia nne kwenye njia ambayo hivi sasa inashindwa kuwabeba wachache. Tafuteni mahali pakavu karibu na barabara kuu, mwendo wa dakika kumi au kumi na tano kwa miguu kabla ya chemchemi, muweke nafasi chache za changarawe inayopitisha maji, na pembeni mpange mawe makubwa ambayo gari haliwezi kuyapanda. Nafasi zikionekana hazitoshi, ni rahisi kuongeza. Kupunguza baada ya watu kuzoea ni vigumu sana.

Njia ije baada ya hapo. Tope la hatua tisa chanzo chake ni maji, na miguu imefuata tu. Njia iliyonyooka kutoka chini hadi juu hugeuka mfereji kila mvua inaponyesha. Ijengeni upya kwa kuikata kimshazari, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima pale inapopita, na kwa wastani usizidi asilimia 10. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata, na kila baada ya umbali mfupi pachimbwe bonde jepesi la kuyatoa. Ile ya zamani ifungeni kwa mawe na matawi pale inapoanzia na pale inapoonekana kwa macho, kwa sababu mtu huifuata njia anayoiona.

Mfugaji Mkongwe

Mimi si mtaalamu, lakini nimechunga kwenye ardhi ya pamoja maisha yangu yote, na nina machache.

Kabla ya kuchora chochote, katibu akae na wachungaji wachore kalenda: mifugo iko upande gani mwezi gani, inazaa lini, inakunywa saa ngapi. Ng'ombe aliyezaa karibuni humkimbiza mtu, hasa mwenye mbwa, na siku atakapomjeruhi mgeni lawama itamwangukia mfugaji. Kwa hiyo njia ya wageni isipite katikati ya mahali pa kuzalia, au iwe na mchepuko wa kutumika miezi hiyo.

Geti la kawaida wageni wataliacha wazi, hata kama wana nia njema, kwa sababu kila mmoja hudhani wa nyuma yake atalifunga. Wekeni geti linalojifunga lenyewe kwa uzito wake: nguzo ya bawaba iinamishwe kidogo, ukiliachia linarudi. Sisi tulibandika vibao vya onyo kwa miaka bila mafanikio, na tulipoinamisha nguzo tatizo likaisha.

Na chemchemi, nawasihi, izungushiwe uzio na maji yapelekwe kwa bomba hadi kwenye birika lililo mbali na njia. Mnyama hasogei kunywa palipo na kelele. Atasimama mbali akitazama, mpaka jua lizame.

Afisa Afya ya Mazingira

Ndugu Katibu, nazungumzia vyoo peke yake, maana hapo ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea.

Vyoo vya kuvuta vinahitaji maji, na kwa maelezo yako maji yenyewe ni yaleyale ya chemchemi. Siku wageni watakapokuwa wengi zaidi, mara nyingi wakati wa kiangazi, ndiyo siku chemchemi ina maji kidogo zaidi. Katika eneo la namna hiyo ningechagua choo cha shimo chenye bomba la hewa, mtindo uliobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, ambao ukijengwa kwa usahihi hupunguza sana harufu na nzi. Siri yake ni ndogo lakini haivumilii makosa. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa safi huingia kupitia chumbani. Bomba liwe na kipenyo cha milimita 150, lipande nusu mita juu ya paa, na kinywani mwake pawekwe wavu imara. Chumba kibaki na kiza, ili nzi aliyemo shimoni auone mwanga wa bomba tu, aufuate, na anaswe kwenye wavu. Nimeona mafundi wakitoboa dirisha kubwa kwa nia nzuri ya kuleta mwanga, na nzi wakarudi chumbani.

Shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa masika. Kwenye miamba yenye nyufa umbali huo hautoshi. Jengeni mashimo mawili ya kupokezana ili moja likijaa lipumzike. Vyoo viwekwe kwenye maegesho, kwa sababu watu huvihitaji wanapofika na wanapoondoka, na gari la huduma hufika hapo.

Niliwahi kukagua vyoo sita vilivyojengwa kwa msaada katika eneo linalofanana na lenu. Vilikuwa na vigae vyeupe na beseni za kunawia, na kila kitu kilipendeza. Miezi kadhaa baadaye nilikuta kufuli kwenye kila mlango na kinyesi nyuma ya ukuta. Nilipouliza ufunguo uko kwa nani, watu watatu walinitajia watu watatu tofauti. Mkataba ulitaja kila tofali, lakini haukumtaja mtu wa kufagia. Kabla hamjakubali chumba kimoja, andikeni jina la atakayekisafisha, mara ngapi kwa juma, na atalipwa kutoka wapi.

Mapipa ya taka msiyaweke kilimani. Wanyama huyaangusha, na mfuko wa plastiki hausagiki tumboni mwa ng'ombe. Waelezeni wageni tangu kwenye maegesho kwamba kila mtu anarudi na taka zake.

Katibu wa Malisho

Nawashukuru sana nyote. Nimesoma majibu haya kwa sauti mbele ya wanakamati wanne, na habari ya kufuli imetunyamazisha wote.

Limebaki suala la mamlaka na fedha. Mfadhili anataka jengo lisimamiwe na kampuni atakayoichagua yeye, nasi tulipwe sehemu ya mapato. Vijana wetu wengine wanasema kwa kuwa ardhi ni ya wote, hatuna haki ya kumtoza mgeni wala kumzuia.

Mtafiti wa Ardhi

Ndugu Katibu, vijana wanachanganya mambo mawili ambayo hata wasomi waliyachanganya. Mwaka 1968 mwanaekolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaishie kuharibika, kwa sababu kila mmoja hunufaika kwa kuongeza mnyama huku hasara ikigawanywa kwa wote. Alichokieleza ni ardhi isiyo na kanuni. Ardhi ya pamoja ina wenyewe, na wenyewe wana taratibu. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya jumuiya zilizodumu kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Törbel nchini Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kanuni hiyo ilieleweka na kila mtu, na jirani aliweza kuikagua kwa kuhesabu.

Kinachoifanya hali yenu kuwa tofauti ni kwamba mgeni hanywi maji ya kesho. Hapotezi chochote malisho yakiisha, kwa hiyo kanuni zinazowafunga wanajumuiya kwa kuoneana haya hazimfungi yeye. Mkutano mkuu wa wanajumuiya ndio uamue haki yake ni ipi: kupita kwa miguu, kuegesha, kulala, kuwasha moto. Kila moja iamuliwe peke yake. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea kwa miguu kwenye ardhi za pamoja zilizosajiliwa, lakini kwa sheria ya mwaka 2006 uzio, jengo au njia ya zege kwenye ardhi hizohizo huhitaji kibali cha serikali. Kumruhusu mtu atembee hakumaanishi kumruhusu mtu ajenge.

Kwa mfadhili, ningeomba mambo matatu yaandikwe: ardhi haihamishwi wala kuwekwa rehani, kilichojengwa ni mali ya jumuiya tangu siku ya kwanza, na msaada uwe na fungu la matengenezo. Akikataa hilo la tatu, basi anawaachia deni. Pia hakikisheni sheria ya ardhi ya nchi yenu inasema nini juu ya nani anaweza kutia saini kwa niaba ya jumuiya.

Mpangaji wa Mandhari

Naongeza jambo dogo juu ya ada. Itozeni kwenye gari, pale kwenye maegesho, na mwenye kutembea apite bure. Kumsimamisha mtembea kwa miguu njiani huleta ugomvi na humfanya atafute njia ya pembeni, ambayo baada ya muda itakuwa kovu jingine. Fedha ilipe kwanza usafi na njia, na kinachobaki kigawiwe kwa uamuzi wa mkutano, na hesabu zibandikwe hadharani.

Kuhusu ukumbi sina la kuongeza. Sioni anayeuhitaji.

Katibu wa Malisho

Mkutano mkuu ulikaa jana hadi jioni. Jengo la mapokezi limekataliwa kwa kura nyingi, na mfadhili ameombwa agharimie uzio wa chemchemi, bomba la birika, vyumba viwili vya choo na maegesho ya magari kumi na mawili, pamoja na ujira wa mtunza eneo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Bado hajajibu. Wasichana wawili wanaochunga upande wa mashariki wamekubali kupima alama tatu kila msimu, na jiwe la kupigia picha wamelichagua wenyewe.

Getini tumeinamisha nguzo bila kumsubiri mtu. Nimesimama hapo asubuhi hii nikitazama wageni kumi na mmoja wakipita. Geti lilijifunga mara kumi na moja.