"Taa ni mapambo"!!! Fundi yule atatuua

root_wa_langoni:
Mnamjua. Yule wa mkoba mweusi, akipita hata punda wanampisha. RAID 5 (diski zinazoshirikiana, data hupona ikifa moja tu) ya diski 4, moja imekufa, kazi ni kuichomoa. Kachomoa iliyo nzima! Zimebaki mbili, data yote chini. Kuulizwa mbona hukuwasha taa ya trei, ile inayoonyesha diski ipi ni ipi: "Taa ni mapambo." Mapambo! Kwani seva imepambwa kwa Maulidi?

Amri ya kuiwasha kwenye Linux ni ledctl locate=/dev/sdc (sdc ni jina la diski), ukimaliza locate_off. FreeBSD ni sesutil locate da2 on. Hata Windows ina Enable-PhysicalDiskIdentification. MAPAMBO!

mkomani88:
Punguza moto, sheikh. Diski ikifa kabisa, /dev/sdc yenyewe hutoweka. Ungewasha taa ya nani? Washa za zile nzima, isiyowaka ndiyo maiti. Au ungebandika kwenye trei mapema namba za utambulisho za diski, zile za lsblk -o NAME,SERIAL. Hukubandika, sivyo? 😂

root_wa_langoni:
Sikubandika. Lakini MAPAMBO jamani?

kebo_mbovu:
ledctl haifanyi miujiza. Kontrola (kifaa kinachosimamia diski) ikiwa kwenye hali ya RAID, keneli (kiini cha Linux) inaona diski moja kubwa tu. Taa utaiomba kwa programu ya kontrola hiyo. Na ule waya mwembamba wa SGPIO, unaopeleka amri za taa, nani aliuchomeka? Taa ya kijani inakudanganya: diski nyingi za SATA (muunganisho wa kawaida wa diski) huipepesa zenyewe kwa pini ya 11 ya plagi ya umeme, waya uwepo usiwepo. Ya kutambulisha ndiyo haiwaki ng'o.

mkomani88:
Ila data huenda ikapona. Irudishe ile nzima, simamisha RAID kwa mdadm --stop /dev/md0, halafu iunganishe tena kwa mdadm --assemble --force na zile 3. Usithubutu --create, hiyo ni ya kuunda RAID mpya.

shela_usiku:
Nyinyi angalau mna taa. Yangu ni NVMe (diski ya chipu isiyopitia SATA), taa ya kasha la kompyuta kimya mwaka mzima.

kebo_mbovu:
Bodi mama nyingi taa ile inafuata SATA tu. Kwanza geuza kiplagi cha pini 2, LED ina chanya na hasi.

shela_usiku:
Nimegeuza. Pini zimeota kutu, chumvi hii!

boti_ya_mokowe:
Kutu ni nini? UPS mpya (betri ya akiba umeme ukikatika) imelowa chapachapa botini kabla haijafika jetini.

mkomani88:
Hukuifunga mfuko wa plastiki?

boti_ya_mokowe:
Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya 2017, unataka nikamatwe?