BlueWallet, Electrum au Bitcoin Wallet: ipi nikompaili mwenyewe?

Nyakato_Boy (mtoa mada)
Wakuu habari za majukumu. Nataka kujikompailia (kuugeuza msimbo uwe apu) waleti ya kripto kutoka kwenye msimbo wenyewe, nimechoka kuamini APK (faili za kusakinisha apu) za watu. Nimezunguka GitHub nimebaki na tatu: BlueWallet, Electrum, na ile Bitcoin Wallet ya Andreas Schildbach. Bando langu linaisha Jumapili saa sita usiku, hivyo nashusha moja tu. Ipi?

fundi_gredo
Mkuu, umeingia duka la dawa ukasema "nipe kidonge". Laptopu RAM ngapi? Windows au Linux? Simu gani? Ni yako peke yako au kuna watu utawagawia? Na umewahi kukompaili apu yoyote ya Android?

Nyakato_Boy
Samahani mkuu. HP ya mtumba, RAM 8, Windows 10. Simu Tecno. Niliwahi kutengeneza apu moja ya mazoezi kwenye Android Studio, kitufe kimoja tu, ikakubali.

fundi_gredo
Basi ya Schildbach. Java na Gradle (zana ya kujenga apu), basi. Hakuna Node (kiendesha JavaScript) wala Docker (boksi la kujengea apu lenye mazingira yake). Ipo tangu 2011, leseni GPLv3, na inaongea moja kwa moja na mtandao wa Bitcoin kupitia maktaba ya bitcoinj bila seva ya mtu katikati. Kasoro yake ni kwamba haikupi maneno 12 ya kurudishia waleti. Bekapu yake ni faili lenye nywila. Faili likibaki kwenye simu iliyoibiwa, imekula kwako.

BlueWallet ni React Native, yaani JavaScript. Unashusha Node, npm (kishusha vifurushi vyake) inajaza folda ya node_modules mpaka diski inalia, halafu ndipo Gradle ianze. Kwa RAM 8 itakufia katikati na kukuambia mchakato wake umetoweka ghafla. Ikitokea, fungua gradle.properties uandike org.gradle.jvmargs=-Xmx2g, funga Chrome, funga na Android Studio yenyewe, endesha kwa CMD. Ukapike chai.

Electrum ya Android ni Python inayofungashwa ndani ya Docker. Kwa mashine hiyo usijitese.

mama_satoshi
Fundi kila uzi anaipigia debe Java. Hiyo Docker anayoikimbia ndiyo maana yenyewe ya Electrum: unakompaili kwako, unalinganisha APK yako na waliyotoa wao, baiti kwa baiti ukiondoa saini. Zikilingana, umejua walichokupa kimetoka kwenye msimbo uleule. Usipolinganisha, umepata nini zaidi ya kuchosha feni? Akopeshwe laptopu yenye Linux na RAM 16 kwa siku moja.

Ila ajue maneno 12 ya Electrum si ya BIP39 (kiwango cha maneno kinachotumiwa na waleti nyingi). Waleti nyingi nyingine zitayakataa.

Kisauni254
Naombeni kuuliza bila kukasirikiana. Kukompaili mwenyewe kunamkinga na nini? Mnaikumbuka waleti ya Copay, 2018? Mtu aliomba kusaidia kutunza kifurushi cha npm kinachoitwa event-stream, akapewa, akaingiza ndani yake flatmap-stream. Ile sumu ilikuwa inatafuta waleti ya Copay tu. Aliyekompaili nyumbani wakati ule naye alikompaili wizi, tena kwa bando lake mwenyewe.

fundi_gredo
Ndiyo maana watu wa Java tunalala 😀 Lakini hata kwa npm kuna adabu zake. Usikompaili tawi kuu la leo asubuhi, chukua tagi ya toleo lililokwisha kutoka. Na tumia npm ci, siyo npm install. Ci inafuata faili la kufuli (orodha ya matoleo kamili ya vifurushi) neno kwa neno, haikuchagulii vifurushi vipya.

babu_wa_mtaa
Ngoja niwape yaliyonikuta, maana naona mnabishana juu ya jiko na wali unaungua.

Nilikuwa na waleti ya kawaida kutoka Play Store, ina bitcoin kidogo, malipo ya kazi ya tafsiri. Siku moja nikajisikia msomi, nikakompaili apu ileile mwenyewe. Nikachomeka simu, nikaandika adb install (amri ya kusakinisha kwa waya), ikanijibu INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE. Maana yake saini yangu si saini yao, na Android haikubali apu yenye saini nyingine ikalie ya zamani. Mimi nikaona dawa ni rahisi, nikaifuta ya zamani. Ukifuta apu, data yake inakwenda nayo, funguo zikiwemo. Sikuwa na wasiwasi, maneno yangu 12 nilishayaandika.

Nikayafuata. Niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu wa darasa la tatu, na mwanangu alikuwa amechana kona ya ule ukurasa akatengeneza ndege. Neno la 11 na la 12 limeruka nalo.

Orodha ya BIP39 ina maneno 2048. Mawili yakikosekana ni mara 2048 kwa 2048, zaidi ya milioni nne. Nikaandika skripti ya Python: ijaribu kila jozi, itoe anwani ya kwanza, ilinganishe na anwani niliyowahi kulipwa. Nikaiacha inanguruma usiku, mchana, usiku wa pili umeme ukakatika na sikuwa nimeiambia ihifadhi ilipofika. Nikaanza upya. Ndipo kijana mmoja akaniambia, mzee, ndani ya neno la mwisho kuna hesabu ya uhakiki. Ukichuja kwanza jozi zisizokubali, inabaki moja katika kila 16, kama laki mbili na sitini elfu hivi. Nikachuja. Kabla ya alfajiri ikapatikana. Mke wangu mpaka leo akiona daftari ananitazama.

Nyakato, kabla hujachagua msimbo, chagua pa kuandikia.

mama_satoshi
Babu pole, lakini hayo maneno 10 uliyaandika kwenye mashine iliyounganishwa na intaneti?

babu_wa_mtaa
Niliizima Wi-Fi, mama. Si wa jana.

fundi_gredo
Hilo la saini lina mkia. Toleo la majaribio husainiwa na debug.keystore (faili la funguo za kusainia). Miradi mingi ya React Native inakuja na faili hilo ndani ya kiolezo, kila mtu duniani analo, kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza "sasisho" ambalo simu yako italikubali. Tena toleo la majaribio mtu akiwa na waya wa USB na simu imefunguka, anasoma data ya apu. Tengeneza funguo yako kwa keytool, itunze nje ya laptopu. Na anza na sarafu za testnet (mtandao wa majaribio), hazina thamani, zikipotea huliwi.

Nyakato_Boy
Asanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Swali dogo: kati ya hizo tatu, ipi inapokea USDT ya TRC20 (dola ya kidijitali kwenye mtandao wa Tron)? Shemeji yangu yuko Muscat, ndiyo anayotaka kunitumia. Na yeye anataka nimuwekee apu hiyohiyo kwenye iPhone yake.

Kisauni254
😂😂😂 Wallahi.

fundi_gredo
Mkuu!! Zote tatu ni za Bitcoin. BITCOIN. Ukiona USDT humo, hiyo uliyoshusha si yenyewe. Na iPhone inataka Mac yenye Xcode (programu ya Apple ya kujengea apu). Ukitumia akaunti ya bure ya Apple, apu inakufa kila baada ya siku 7, ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka. Unataka kumsainia shemeji kila wiki, yeye Muscat wewe Mwanza?

mama_satoshi
Kwa Tron angalia waleti ya Unstoppable, msimbo upo wazi, Android ni Kotlin na iOS ni Swift. Ila waleti za sarafu nyingi hutegemea seva za watu na funguo za API (vibali vya kutumia seva hizo), utakaa unajisajili huku na huku. Na uwe na TRX (sarafu ya Tron yenyewe) kidogo ya ada, la sivyo USDT itafika na haitatoka.

Kisauni254
Na kodi je? Huku kwetu Kenya tulikatwa 3% kuanzia 2023, halafu 2025 wakaibadilisha ikawa ushuru wa 10% kwenye ada za miamala ya kripto. Bongo si BoT (Benki Kuu) ilishatoa tangazo la kukataza kripto 2019?

babu_wa_mtaa
Ilitoa, Novemba. Halafu sheria ya fedha ya 2024 ikaweka kodi ya 3% kwenye kripto hiyo hiyo. Sasa nikiuliza kinachokatazwa kinalipiwaje kodi, naitwa mchochezi.

mama_satoshi
Babu tusihamie siasa, uzi utafungwa.

Nyakato_Boy
Wakuu, mrejesho. Nilishaanza kushusha BlueWallet kabla sijasoma majibu. npm imemaliza, Gradle imefika 61% imesimama dakika arobaini, laptopu inanukia moto. Shemeji anasema basi atatuma kwa simu tu kama kawaida. Niiache iendelee au nizime?

fundi_gredo
-Xmx2g uliweka?

Nyakato_Boy
Naiweka kwenye faili gani tena?

dalali_wa_igoma
Mkuu hiyo HP ukiichoka niambie, nina mteja.