Chuo kimeboresha imeili, wastaafu wamehamia steshenari kwangu. Nimechoka!

Wakuu salaam. Leo sina utani. Atakayetaka kutoa povu ruksa, mimi langu naanza nalo.

Nina steshenari Kigamboni, hatua chache kutoka kivukoni. Kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti, fomu za mikopo ya wanafunzi. Chumba kimoja, kompyuta mbili, na printa inayokohoa kuliko bibi yangu. Miezi hii mitatu, juu ya hayo yote, nimegeuzwa kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu kimoja hapa Dar. Barua ya ajira sina, mshahara sina. Chuo sikitaji, maana kuna wazee bado wanafuatilia mambo yao pale na sitaki wakwamishwe kwa sababu ya mdomo wangu. Wahusika wakipita humu watajijua.

Chanzo ni kwamba chuo kimeacha mfumo wake wa zamani wa imeili kikahamia wa Google. Kuhama sina ugomvi nako. Ule wa zamani ulikuwa unakata kila wiki, na wazee wengi walikuwa wanasomea barua nyumbani kwenye Outlook 2010, programu ya imeili ya Microsoft, mtindo ule wa kuweka jina na nywila basi, barua zinaingia. Mtindo huo umeshazikwa. Microsoft walianza kuufunga Oktoba 2022, Google wakaumalizia kwa akaunti za taasisi mwaka 2025, kwa sababu mwizi akishaipata nywila hana tena mlango wa pili wa kuvunja. Sasa ukiandika nywila unathibitisha na kwa simu. Sawa kabisa. Mimi mwenyewe imeili ya biashara nimeifunga hivyo.

Hata suala la nafasi nalielewa. Mwaka 2021 Google walitangaza kwamba ile hifadhi isiyo na kikomo kwa shule na vyuo inaisha, na kuanzia Julai 2022 taasisi inapewa terabaiti 100 za kugawana watu wake wote. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi lazima kianze kuhesabu vichwa. Mwenye nyumba akipandisha kodi, mgeni aliyelala sebuleni ndiye wa kwanza kuangaliwa vibaya. Nalielewa.

Ila angalieni walivyofanya.

Taarifa kwamba imeili inahama waliituma kwenye imeili hiyo hiyo. Kwa Kiingereza. Ndani ya siku 14 uwe umejiandikisha upya, la sivyo akaunti inasimamishwa. Mstaafu anafungua imeili mara moja kwa wiki, mwingine mpaka mtoto aje Jumapili na bando lake. Halafu katikati ya barua kuna kiungo: bonyeza hapa, weka nywila yako. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliifuta barua palepale, maana chuo hicho hicho kimewaonya miaka yote wasibonyeze vitu vya namna hiyo. Akaniambia, "Kijana, hela za watu nimezishika miaka 30. Wale wa 'tuma kwa namba hii' unadhani siwajui?" Amefungiwa akaunti kwa kosa la kuwa mwangalifu.

Sasa njooni kwa Mwalimu. Jina lake ni lake, hapa mtaani sote tunamwita hivyo. Alikuwa mhadhiri mwandamizi, akastaafu na miaka 65 kama inavyotakiwa kwa watu wa ngazi yake. Yeye taarifa aliiona, akaisoma yote, akapakua na ule mwongozo wao wa kurasa 23 akaja kuuprinti kwangu. Picha za kwenye mwongozo hazifanani na kinachoonekana kwenye simu yake. Kitufe kinachosemwa kiko kulia, kwake kiko chini, tena kimebadilika jina. Tukajitahidi. Tukaweka ile programu inayotoa namba sita zinazobadilika kila sekunde 30. Mwalimu anasoma namba, mimi naandika. Imekataa. Tukabadilishana, mimi nasoma yeye anaandika. Imekataa. Siku tatu.

Akavuka na pantoni kwenda chuoni. Dawati la msaada wakamwambia anachelewa kuandika, macho yake mazito. Akarudi, tukajaribu, ikakataa. Akavuka tena. Safari ya pili dogo wa pale, bila hata shikamoo, akamwambia, "Mzee, wewe njoo na mjukuu."

Wakuu, huyu mtu anatumia imeili tangu kabla mkongo wa SEACOM, ule wa intaneti wa chini ya bahari, haujafika Dar, Julai 2009. Enzi hizo intaneti yetu ilikuwa inapita kwenye satelaiti, ghali na ya kujikokota. Alinisimulia walivyokuwa wanaandika barua zote kwanza bila kuunganisha, kisha wanaunganisha dakika chache, zinatoka kwa mkupuo, wanakata. Leo hii LUKU ananunua kwa simu, pantoni anapita kwa kadi ya N-Card, na anapokosea ni mara chache kuliko mimi. Njoo na mjukuu!

Tatizo nililigundua kwa bahati tu. Siku ya nne nilikuwa nasubiri namba ibadilike, nikatupia macho saa ya kwenye simu yake, nikatazama na ya ukutani kwangu. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona saa yako iko mbele?" Akacheka. "Iko mbele dakika saba tangu nipo kazini, ili nisikose pantoni."

Nilikaa chini, naapa. Zile namba sita hazitoki hewani. Simu inachukua siri iliyopewa siku ya kujiandikisha, inachanganya na saa, inatoa namba. Kule kwenye mfumo wanapiga hesabu ile ile kwa saa yao, wanalinganisha. Ndiyo maana hazihitaji hata bando. Lakini saa zikipishana dakika saba, Mwalimu anasoma namba ambayo mfumo bado haujafika. Tukairudisha saa ijipange yenyewe, ikakubali mara ya kwanza. Jambo la sekunde kumi. Dawati zima la msaada halikumuuliza mzee hata swali moja zaidi ya umri wake.

(Saa ameirudisha mbele nyumbani, ya ukutani safari hii. Pantoni ni pantoni.)

Mama wa maabara ndiye anayeninyima usingizi. Alikuwa fundi sanifu, maisha yake yote kemikali. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ule wa mwisho Januari 20, 2020? Vidole vyake mashine haikuvisoma, vimelainika kama sabuni. Laini yake ya zamani ikazimwa, akaja kupata nyingine baadaye kwa taabu. Basi mfumo mpya umetuma namba ya uhakiki kwenye laini ya zamani, ndiyo iliyo kwenye faili lake la utumishi. Laini ile, kwa jinsi mambo yalivyo, huenda leo iko mfukoni kwa mtu Tandahimba anayeshangaa nani anamtumia namba.

Akaenda kuomba wabadilishe. Wakamwambia alete kitambulisho cha kazi. Mama akawaambia kitambulisho alikirudisha siku ya kustaafu, wao wenyewe walikidai ndiyo wakampa karatasi ya kumaliza deni. Aonyeshe cha NIDA? Hapana, utaratibu unasema cha kazi. Basi alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mtendaji wa mtaa athibitishe imeili ya chuo kikuu, wakuu. Mtendaji wetu, ambaye muhuri wake tu unamshinda kupata wino.

Na hapa ndipo penye hasira yangu yenyewe. Mabadiliko yote haya yaliuzwa kwa jina moja: usalama. Sasa ngoja niwaambie usalama uko wapi. Uko kwenye daftari la kaunta kubwa, chini ya droo yangu, kando ya risiti za wino. Nywila za wazee saba. Wameniandikia wenyewe, kwa mkono wao, "Tunza mwanangu, nikisahau nikuulize." Wawili programu ya namba iko kwenye simu YANGU, kwa sababu wao wanatumia vitochi. Yaani mimi, muuza kopi, ambaye chuo hakinijui wala hakijawahi kuona kitambulisho changu, usiku huu naweza kufungua barua za watu waliosahihisha mitihani ya nusu ya viongozi wa nchi hii. Sifungui, Mungu shahidi. Lakini kijana atakayeniachia ofisi kesho nikiugua je? Na mwenye steshenari wa mtaa wa pili, ambaye siku hizi nasikia anatoza 5,000 kwa "kurudisha imeili ya chuo"?

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Nimeiprinti mara kadhaa kwa wateja wa vyuo, na kila nikiitoa kwenye mashine naliangalia lile daftari. Nikilichoma, wazee watakuja kesho wamekwama. Nikilitunza, siku likiibwa nitasema nini?

Najua kuna mtaalamu atakayeandika chini hapo, "Mstaafu anataka imeili ya chuo ya nini, si afungue yake bure?" Ndugu, Mwalimu ana makala kwenye majarida ya nje, na anwani iliyochapishwa pale chini ya jina lake ni ya chuo. Haifutiki. Mtu wa Uingereza akitaka kumuuliza jambo kuhusu utafiti wake atamwandikia pale pale. Wanafunzi wake wa zamani wanaoomba barua za mapendekezo wanamtafuta pale pale. Mhasibu, benki yake ikitaka kumbadilishia nywila inatuma pale pale. Anwani ya miaka 20 huihami kama unavyohama chumba, kwamba unapakia godoro kwenye guta jioni umeshafika. Wengi wangekubali kabisa kuhamia za binafsi, wangepewa miezi sita, barua zinazokuja ziwe zinaelekezwa kule kwa muda, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuchukua za zamani kwa Takeout, huduma ya Google ya kupakua nakala ya vitu vyako. Hakuna aliyewaambia hata kwamba Takeout ipo.

Na hata kwa mfumo huu huu mgumu, njia zipo. Mtu asiye na simu janja anaweza kupigiwa simu ya kawaida akasomewa namba. Kuna namba za akiba za kuingilia badala ya zile za simu: Google inakupa kumi, kila moja tarakimu nane, unatumia moja mara moja unaikata kwa kalamu. Karatasi moja tu. Kwangu kuprinti ni shilingi 200, ukitaka na laminesheni tutaelewana. Na msimamizi wa mfumo anaweza kumtolea mtu namba hizo akiwa amekaa kwenye kiti chake pale pale, bila mtendaji, bila muhuri. Kila nikiwaza kwamba Mama wa maabara amevuka maji mara nne kwa kitu ambacho mtu angekitoa kwa kubonyeza kitufe, damu inapanda.

Wangeweka meza moja, siku moja kwa wiki, kijana mmoja mwenye subira na mwongozo wa Kiswahili wa kurasa mbili wenye maandishi makubwa. Watu hawa wana umoja wao, wanakutana, wana kundi la WhatsApp lenye dua na picha za maua kila asubuhi. Taarifa ingebandikwa humo ingewafikia wote kabla chai haijapoa. Hakuna aliyewauliza.

Kilichonifanya niandike usiku huu ni hiki. Jana Mama wa maabara amepigiwa simu na mtu wa chuo, akaambiwa akaunti yake "imeondolewa." Nikapiga mimi kuuliza: imesimamishwa au imefutwa? Maana ikisimamishwa barua zipo. Ikifutwa, msimamizi ana siku 20 tu za kuirudisha, zikipita hata Google wenyewe hawana cha kukupa. Yule bwana akasema hayo ni mambo ya ndani. Humo ndani ya imeili kuna picha za marehemu mume wake alizotumiwa na shemeji zake, hana nakala nyingine popote.

Kwa hesabu ya tarehe ya kuondolewa aliyotajiwa, leo ni siku ya 17. Kesho nafunga ofisi, tunavuka wote na pantoni ya saa moja asubuhi, barua ya mtendaji tunayo, muhuri umekubali kwa shida. Kama humu kuna mtu wa TEHAMA wa chuo chochote, naomba aniandikie usiku huu ni maneno gani hasa nikamwambie msimamizi ili asiweze kusema hajaelewa.