Naomba ushauri: umeme wa majengo au niongeze na mekaniko (mabomba, pampu, AC)?

Habari zenu wakuu, niko Mbeya, nina diploma ya umeme na kwa sasa napiga kazi kwenye saiti ya ghorofa huku Forest, tunalaza paipu za waya kwenye nondo kabla zege halijamwagwa. Kazi naipenda sana kusema kweli. Sasa nimeona watu wa maana saiti ni wale wanaoelewa vyote, umeme, mabomba, pampu za zimamoto, jenereta, maana juzi bomba la maji machafu lilikuta trei ya nyaya imeshapita njia hiyohiyo, ikabidi ishushwe yote na hakuna aliyekuwa ameoanisha michoro ya pande mbili.

Ndo nawaza, nisome digirii pale MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya) au kwanza nitafute leseni ya ufungaji umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), nijisajili ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) kama fundi sanifu halafu shule baadaye? Kuna bro kaniambia nisomee AC, ila jamani kwa baridi ya huku Mbeya nani anafunga AC nyumbani, labda vyumba vya seva na teatri za hospitali, mi naona huku hita za maji za sola ndo zina soko. Au nihamie Dar ama Dodoma kwenye majengo makubwa yenye lifti na mifumo mizito?

Mliopo kwenye fani, hasa mliotokea nyanda za juu kusini, mlianzia wapi na kampuni zinaangalia nini zaidi, cheti au uzoefu?