Naomba kumbukumbu za baraza la ardhi la Waaborijini (New South Wales), naanzia wapi?

Mkwe_wa_Mtoni

Salaam wakubwa. Mimi ni mtu wa Kilifi, naishi mji mdogo wa pwani kaskazini mwa New South Wales, jimbo la Australia, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mke wangu ni Mwaborijini, wa wenyeji wa asili wa huku huku. Yeye na mamake ni wanachama wa baraza la ardhi la hapa, chombo kinachoshika ardhi waliyorudishiwa Waaborijini. Jina la baraza silitaji, mji wenyewe ni mdogo na sote tunakutana dukani.

Kisa ni hiki. Kuna kiwanja kando ya mto ambacho serikali ya jimbo ililirudishia baraza miaka mingi nyuma, kwa dai la ardhi. Mama mkwe amevua samaki pale tangu utoto wake. Juzi tumekuta kimezungushiwa uzio wa waya, na kibao cha kampuni ya ujenzi kimepigwa pale pale watu walipokuwa wakiegesha magari. Mama mkwe anasema hakumbuki mkutano wowote wa wanachama uliolipitisha jambo hilo, na yeye si mtu wa kukosa mkutano. Kauliza ofisini, kaambiwa hayo ni mambo ya bodi. Mke wangu akaandika barua pepe ya adabu kabisa: nani aliamua, pesa zimeingia wapi, mbona hatukuambiwa. Wakajibu kwamba wameipokea na inashughulikiwa. Tangu hapo kimya.

Mimi niliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika wa korosho, kwa hiyo hapa nyumbani karatasi yoyote yenye muhuri huletwa kwangu. Mama mkwe keshaniletea bahasha yake ya barua za baraza, kaniambia nitafute njia. Je, kuna sheria ya kuwabana watoe kumbukumbu? Niandikie baraza lenyewe, serikali ya jimbo, au serikali ya shirikisho kule Canberra? Na mimi ambaye si Mwaborijini, naruhusiwa kuomba?

Msafiri wa Darwin

Karibu, jirani wa mbali. Sheria ipo, ya uhuru wa habari ya 1982. Kuomba ni bure, na wana siku 30 za kukujibu. Huku kwetu Northern Territory mabaraza ya ardhi ni manne: la Kaskazini, la Kati, la Tiwi na la Anindilyakwa kule Groote Eylandt. Yote yako chini ya sheria ya ardhi ya 1976, ila yenyewe yamesamehewa, hiyo sheria ya habari haiyafikii.

Na kabla hujaomba chochote, tazama kwanza kama mtu mwingine hajakufanyia kazi. Mwaka 2023 Mkaguzi Mkuu wa Taifa alitoa ripoti kuhusu utawala wa mabaraza yote manne, moja moja. Migongano ya maslahi, namna bodi zinavyokaa, mambo ya fedha, yote yamo, na ziko mtandaoni bila malipo. Nilisoma ile ya Groote, kisiwa chenye pesa nyingi za manganizi, nikakesha nayo.

BintiRekodi

Msafiri, yote uliyosema ni kweli, ila ni ya kwenu. Hiyo ni sheria ya shirikisho. Huyu ndugu yuko New South Wales, na mabaraza ya huku ni ya jimbo. Akipeleka ombi Canberra atajibiwa kwa upole kwamba hawana karatasi hizo, na muda wake utakuwa umekwenda.

Mkwe, nimekaa masjala za serikali Newcastle muda mrefu, nimepokea maombi ya aina hii kutoka upande wa pili wa dirisha. Sikiliza.

Mabaraza ya huku yaliundwa na Sheria ya Haki za Ardhi za Waaborijini ya 1983. Ya mitaa yapo 121, na juu yake kuna Baraza la Ardhi la jimbo, NSWALC, lenye madiwani tisa wa kuchaguliwa. Halafu kuna Msajili wa sheria hiyo, ofisi yake peke yake. Hayo matatu usiyachanganye, kwa sababu kila moja lina makabati yake. Sheria ya habari inayokuhusu ni ya jimbo, watu huiita GIPA, ya 2009, inafanya kazi tangu Julai 2010. Mtu yeyote anaweza kuomba, awe Mwaborijini asiwe. Mabaraza ya mitaa nayo yanabanwa nayo.

Sasa lililo kubwa. Baraza la mtaa haliwezi kuuza ardhi kwa uamuzi wa bodi peke yake. Lazima wanachama wakutane, waambiwe waziwazi kinachotaka kufanywa na ardhi ile, waseme kama ina umuhimu wa kitamaduni kwao, kisha asilimia 80 ya wanaopiga kura waliohudhuria wakubali. Hiyo ni 80, si nusu na mmoja. Hapo bado. Baraza la jimbo nalo lazima liidhinishe, litoe cheti, na pasipo cheti uhamisho hausajiliwi kwenye hati za ardhi. Maana yake kama kiwanja kimeuzwa kihalali, nyayo zipo sehemu mbili: mihtasari huko mtaani, na jalada la idhini NSWALC. Ndiyo maana ombi lako litoke mara mbili, moja huku, moja kule. La mtaani likisinzia, la jimbo huenda likakuja na nakala ya muhtasari uleule, kwa sababu uliambatishwa.

Shida ya barua ya shemeji ni kwamba inauliza maswali. Sheria hii haimlazimishi mtu akueleze kwa nini. Inamlazimisha akupe alichonacho kwenye jalada. Ukiuliza "pesa zimekwenda wapi", afisa hana karatasi yenye jina hilo. Ukiomba hesabu zilizokaguliwa za mwaka fulani, anayo, maana kila baraza hupeleka hesabu zake zilizokaguliwa NSWALC kila mwaka.

Mkwe_wa_Mtoni

Dada, Mungu akubariki. Hiyo asilimia 80 nimemsomea mama mkwe, akacheka cheko ambalo nisingependa kulisikia nikiwa mwenyekiti wa bodi.

Ombi lenyewe likoje? Kuna fomu? Ada? Na wakikaa kimya tena?

BintiRekodi

Fomu si lazima, barua inatosha, mradi iwe na mambo yanayotakiwa. Jina lako, anwani ya posta au barua pepe, ada ya dola 30, na maelezo ya kutosha kutambua unachotaka. Na lazima iseme kwamba inatolewa chini ya Government Information (Public Access) Act 2009, ndiyo hiyo GIPA. Liandike jina la sheria vivyo hivyo lilivyo. Barua isiyotaja sheria ni barua tu, huwekwa kwenye trei, na trei haina tarehe ya mwisho. Nimeziona zikikaa pale mpaka karatasi ikageuka rangi.

Wakishapokea, ndani ya siku 5 za kazi wakwambie kama ombi ni halali. Uamuzi ndani ya siku 20 za kazi. Wanaweza kujiongezea kama wanahitaji kumuuliza mtu wa tatu, na hapa watamuuliza tu, hiyo kampuni. Wakipitisha muda bila uamuzi, sheria inahesabu wamekataa, na dola 30 zako zirudi. Kazi ya kutafuta hutozwa dola 30 kwa saa, saa ya kwanza imo kwenye ada. Kwa hiyo usiombe "nyaraka zote tangu baraza lianze", utaletewa makadirio ya kukutoa jasho. Omba punguzo la nusu kwa sababu ya manufaa ya umma, liandike humo humo.

Wakikataa, njia ni tatu: mapitio ya ndani, dola 40, ndani ya siku 20 za kazi, Kamishna wa Habari, bure, ndani ya siku 40 za kazi, au NCAT, baraza la jimbo linalosikiliza mashauri ya utawala, nako siku 40 za kazi. Ningekuwa wewe ningekwenda kwa Kamishna. Kwenye ofisi ya watu watatu, mapitio ya ndani mara nyingi ni mtu kumpitia jirani yake wa meza.

Somo_wa_Dubbo

Kaka Mkwe, hodi. Na mimi nimeolewa kwao, mume wangu ni Mwaborijini wa huku bara, mimi mtu wa Mombasa, Old Town. Naomba niseme lisiloandikwa kwenye sheria.

Usiombe kwa jina lako. Ruhusa unayo, dada hapo juu kasema, lakini usiombe. Bodi ya serikali ya "kuwalinda" Waaborijini wa jimbo hili ilianza 1883, ikabadilishwa jina 1940, ikavunjwa 1969, na muda wote huo ilikuwa ikiwaandikia majalada: nani kaolewa na nani, nani ahamishwe, watoto wa nani wachukuliwe. Mavyaa wangu alilisoma la kwake akiwa mtu mzima na wajukuu. Kwa hiyo mgeni anapokuja na barua ya sheria akidai karatasi za baraza, hata akiwa na haki, wazee wanasikia jambo jingine. Na hao wa bodi watalitumia hilo kukumaliza. Mkutanoni watasema Mwafrika anapeleleza baraza letu, na habari ya kiwanja itakuwa imekufa hapo.

Jina liwe la mkeo, au bora zaidi la mama mkwe. Yeye ni mwanachama mwenye kura, wewe hata uanachama huwezi kupewa, ni wa Waaborijini watu wazima. Wewe andika, piga chapa, beba bahasha posta. Mkutanoni kaa nyuma, chai ikiisha kaongeze maji.

Na jingine. Wakificha sehemu kwa sababu inataja mahali pa mila, hilo liacheni lipite. Ninyi mnatafuta kura na pesa.

Msafiri wa Darwin

Somo umenena. Huku kwetu maneno ya namna hiyo huulizwa mara mbili kabla ya kuandikwa mara moja.

Swali kwa BintiRekodi: na kama baraza halijauza? Labda ni uzio tu wa kupima ardhi?

BintiRekodi

Inawezekana kabisa, ndiyo maana barua isimtuhumu mtu. Kabla ya kulipa senti, ingieni SIX Maps, ramani ya jimbo mtandaoni, mbofye kiwanja, mpate namba yake ya Lot na DP, yaani namba ya kiwanja na ya ramani yake iliyosajiliwa. Kwa namba hiyo nunueni hati ya ardhi, ni bei ndogo, itawaambia mwenye ardhi ni nani leo. Kama bado ni baraza, mnaomba mapendekezo na makubaliano na kampuni. Kama jina limebadilika, mnaomba kura na cheti. Msajili naye ana rejista ya madai ya ardhi, humo mtaona lini kiwanja kilirudishwa.

Mkwe_wa_Mtoni

Hati tumeipata. Mwenye ardhi bado ni baraza. Nyumba nzima imeshusha pumzi.

Mama mkwe amekubali jina liwe lake, na amesema Somo ana akili kuliko mimi. Rasimu hii hapa, naiweka kwa Kiswahili mnirekebishe, kisha mke wangu ataipeleka kwa Kiingereza:

"Naomba, chini ya sheria iliyotajwa: (1) matangazo, orodha za mahudhurio na mihtasari ya mikutano ya wanachama iliyozungumzia kiwanja hiki, tangu 1 Julai 2022, (2) mihtasari ya bodi kuhusu kiwanja hicho kwa kipindi hicho, (3) makubaliano au rasimu yoyote na kampuni iliyoweka uzio, (4) maslahi yoyote yaliyotangazwa na wajumbe wa bodi kuhusu jambo hili, (5) barua zote zinazoonyesha jinsi bodi ilivyotuficha."

BintiRekodi

Namba 5 ifute yote. Badala yake weka "barua kati ya baraza na NSWALC kuhusu idhini ya kiwanja hiki". Namba 1, orodha ya mahudhurio ina majina ya watu, itawachelewesha. Omba idadi ya waliohudhuria na hesabu ya kura. Namba ya Lot na DP iende juu kabisa, kabla ya salamu. Na mama asaini mwenyewe, kwa mkono.